Mabawa Chini ya Shati

Mimi ndiye niliyewavika Watunutu mashati. Dut hakutaka. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Lodwar wananionea huruma mpaka leo, wananiambia makosa yalikuwa ya redio, au ya mvua, au ya mbuzi waliokufa. Huruma yao naipokea, lakini mashati ni yangu.

Watunutu hawapo. Nimejifunza kwa taabu kwamba jambo hilo lazima lisemwe wazi. Ni viumbe wa hadithi tuliyokuwa tukiitunga mimi na Dut kwa ajili ya redio ndogo ninayofanyia kazi hapa Lodwar. Wana miguu sita, macho yasiyofumba na mabawa yanayolia wakiruka. Jina tulilitoa kwa tunutu, yale makinda ya nzige yasiyoweza kuruka bado. Mwaka wa nzige sote tuliiona ardhi ikitambaa. Dut akaniuliza, ingekuwaje kama wangekuwa na malkia, na mipango, na hasira? Basi tukaanza hapo.

Dut ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Amekaa Kakuma tangu akiwa darasa la pili, na kazi yake ni kutengeneza simu na redio kwenye kibanda chake kambini. Yeye alibuni, akaandika kwa Kiswahili kwenye simu na kunitumia. Mimi nilinyoosha lugha, nikasoma hewani Alhamisi alasiri kwa Kiswahili, kisha Jumamosi asubuhi nikaisoma tena kwa Kiturkana, nikitafsiri mwenyewe. Kwa sauti hiyohiyo nilisoma pia matangazo ya chanjo ya mbuzi na ya mto Turkwel kufurika. Hilo nalo sikulifikiria.

Msimu wa kwanza ulikwisha kwa vita. Watu wa Jabali, binadamu wa hadithi yetu, waliwavuta Watunutu hadi ndani ya korongo, wakawasha moto pande zote mbili, mabawa yakaungua na malkia akafa. Simu zilitupigia kutoka Kalokol mpaka Lorugum. Swali likabaki moja tu: waliosalia, wafanye nini?

Dut alipopata ruhusa ya kutoka kambini kuja Lodwar kutafuta vipuri, tuliketi Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya kina mama, karibu na ninapoishi. Tulikunywa soda, na vizibo vikawa Watunutu. Alivipanga vinne mezani, akasema hao ndio baraza la walioshindwa, na kila mmoja ana wazo lake.

Wa kwanza anasema tuchimbe, tutage mayai mchangani na tungoje mvua, hata ikiwa ni miaka mitatu. Ubaya wake, alisema Dut akikisukuma kizibo pembeni, ni kwamba watu wa Jabali wanajua wadudu hutaga wapi, na watafika na majembe kabla ya mvua. Wa pili anasema turudi tulikotoka, ng'ambo ya jangwa la magadi. Lakini bila mabawa ni safari ya miguu, na huko ndiko walikofukuzwa na kitu ambacho hata wao hawakitaji jina. Wa tatu anasema tujikunje: tukunje mabawa yaliyobaki, tuvae nguo, tujifunze lugha yao, tukae kati yao mpaka watusahau, halafu siku moja tukunjue. Wa nne, bibi kizee wao, anasema tuwaendee mchana kweupe, tuombe kipande cha ardhi na tuulize masharti.

Mimi nilikishika kizibo cha tatu papo hapo. Nilimwambia hapo ndipo penye hofu, na hofu ndiyo inayomfanya mtu aache ugali upoe. Dut akatikisa kichwa.

"Dada, mtu ameshindwa hana nguvu ya kujificha," akasema. "Yeye anataka kulala tu. Hii ya kujikunja ni mawazo ya mtu hajawahi kushindwa."

Maneno hayo yaliniuma. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua atakwambia. Nilijibu kwamba mimi nimezaliwa Turkana na kiangazi nakijua, kwa hiyo asinifundishe kushindwa. Akacheka, akaniambia sawa dada, basi tuwape ya nne, tuone watu wa Jabali watafanya nini mtu akija kwao bila silaha. Nikasema sawa. Moyoni sikusema sawa.

Wiki iliyofuata nilimweleza Ejore, bosi wetu wa redio, zile njia nne. Alisikiliza ya nne mpaka mwisho huku akikwaruza ndevu, kisha akauliza nani atakaa chini kusikiliza wadudu wakijaza fomu. Nilicheka kupita kiasi, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa. Asubuhi hiyohiyo nikaiandika ya tatu mwenyewe, kurasa sita, na Dut sikumtumia.

Niliandika vizuri, ndiyo aibu yenyewe. Watunutu arobaini wanakunja mabawa, wanavaa mashati, wanaingia mmoja mmoja katika vijiji vya Jabali. Wanajifunza kusalimu ejok kama sisi. Wanajipanga foleni ya maji na mitungi yao ya plastiki, kimya, wenye adabu. Na mvua ya kwanza itakapowatoa watoto wao mchangani, hao wa mashati watafungua vifungo. Fundi wetu wa mitambo, kijana wa Kitale, alinionyesha mkono wake vinyweleo vimesimama, nikafurahi kama bibi harusi.

Alhamisi ilipita kwa shangwe. Mtu mmoja alipiga kutoka Lorugum kuuliza Mtunutu aliyejikunja anajulikanaje, nami nikamjibu hewani kwa madaha kwamba angoje sehemu ijayo. Jumamosi nikaisoma kwa Kiturkana, nikaenda nyumbani kufua nguo.

Jumatatu asubuhi nilikuwa sokoni Lodwar. Nikamkuta Akuwam, binamu yangu, akifunga maturubai kwenye pikapu yake. Akuwam hununua samaki wakavu kule Longech na kuwapeleka Kakuma, na Jumapili alikuwa huko. Akaniambia kwa Kiturkana kwamba Kakuma nzima inanitaja mimi. Nikatabasamu, nikajitayarisha kusifiwa.

"Wanasema umesema ngimoe wamekunja mabawa," akasema. "Wako kwenye foleni ya maji. Wanangoja mvua."

Lilikuwa neno langu, nililolisoma mwenyewe Jumamosi, na kusikia linatoka kinywani mwa mtu mwingine ndiko kulikonitia baridi. Kwa Kiturkana, adui ni emoit, na maadui ni ngimoe. Na mgeni wa kabila jingine, hata awe mtu wa heri namna gani, naye ni emoit. Neno ni hilohilo. Sikuwahi kulishangaa, nani hushangaa ulimi wake? Msimu wa kwanza halikuleta shida, kwa kuwa ngimoe walikuwa wakija angani na moto. Lakini mimi nilikuwa nimewavika mashati, nikawapa mitungi ya maji, nikawafundisha kusalimu. Anayesikiliza redio Kakuma hakuwa na haja ya kufikiri sana ili awaone. Alikuwa nao dirishani.

Nikamwambia Akuwam ni hadithi, anajua ni hadithi. Akasema ndiyo, anajua. Kisha akaeleza kwamba Ijumaa mvua ilinyesha Kakuma, na Jumapili watoto waliona tunutu kwenye mchanga wa mto Tarach, wachache tu, lakini tunutu wa kweli. Mbuzi wamekufa katika maboma mawili. Kwenye bomba moja la maji watu wa kambini wamefukuzwa tangu jana. Alikaza kamba ya mwisho, akatazama huku na huku, akanisogelea.

"Lakini ni wangapi?" akauliza. "Mimi nawauzia samaki, Akoru. Nataka kujua tu ni wangapi."

Huyu tulilala kitanda kimoja utotoni. Huyu aliwahi kunicheka kwa kuogopa kinyonga. Nilimtazama usoni nikaona hatanii, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Nilimpigia Dut. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, na tena, sauti ya yule mwanamke wa simu ikaanza kunichukia. Nikampigia Adau, dada yake Dut wanayeishi pamoja kambini. Akasema Dut ametoka asubuhi, amevuka Tarach kwenda kwa Namuria, mama Mturkana anayewauzia kuni, kwa sababu redio ya Namuria imeharibika na alimwomba aje kuitengeneza. Kisha Adau akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nimesema redioni, kwa sababu watu wanawaangalia vibaya na leo amerudi bila maji. Nikamwambia nakuja.

Akuwam alinipakia. Njiani nilimpigia Ejore, nikamwambia afungue kipaza sauti sasa hivi atangaze kwamba ile ni hadithi. Akakubali haraka, naye alikuwa ameshaanza kuogopa kwa ajili ya leseni. Lakini Ejore amekulia Eldoret, Kiturkana chake ni cha kusalimia tu. Fundi ni wa Kitale. Aliyekuwa akisoma Kiturkana ni mmoja, na huyo alikuwa ndani ya pikapu ya samaki.

Basi nikajaribu kuitunga ile sentensi njiani, niipeleke kwa simu waicheze. Nilitaka kusema, maadui wa hadithi yetu si wageni mnaoishi nao. Niliigeuza kwa Kiturkana kimoyomoyo, ikatoka: ngimoe si ngimoe. Nikajaribu njia nyingine, ikatoka hivyohivyo. Barabara ya lami ilikuwa imenyooka mbele yetu, jua linawaka, Akuwam anaendesha bila kusema, na mimi mtu wa maneno nilikaa pale nikizungushwa na neno moja. Niliwaza juu ya Dut, mrefu kama alivyo, peke yake ng'ambo ya mto, na shati lake la mikono mirefu analolivaa siku zote kwa ajili ya jua. Nilijua hasa analolivaa. Nilikuwa nikilitazama lile shati kichwani wakati nilipoandika.

Nyumba ya Namuria iko nje ya mji, upande wa pili wa Tarach, vibanda vitatu vya makuti ndani ya ua wa miiba. Akuwam alibaki kwenye pikapu. Kwa mbali niliwaona watu. Walikuwa thelathini hivi, wanaume wamekalia viti vyao vidogo vya mbao, wanawake wamesimama na watoto mgongoni. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Nilitamani wapige kelele, kwa sababu mtu anayepiga kelele bado hajaamua.

Dut alikuwa katikati, amekalia mtungi. Redio ya Namuria ilikuwa wazi mapajani mwake, skrubu ndogo ameziweka kwenye kifuniko. Aliponiona uso wake ukafunguka kwa nafuu, nami nikaangalia chini.

"Dada Akoru," akasema. "Afadhali umekuja. Hawa wazee wamekaa hapa tangu asubuhi. Simu yangu wamechukua. Mimi sielewi wanataka nini."

Dut amekaa Kakuma zaidi ya miaka ishirini, lakini Kiturkana chake ni cha sokoni tu, na nilikuwa nimemtania mara nyingi kwa hilo. Namuria alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mikono kiunoni, amekasirika. Redio yake ilikuwa imekufa wiki nzima. Hakuwa amesikia lolote.

Aliyenisalimu alikuwa Lomorukai, mzee wa makamo, msimamizi wa lile bomba la maji. Alisimama kwa heshima na kunipa mkono.

"Ejok, binti," akasema. "Sauti yako naijua kuliko ya watoto wangu. Sisi hatutaki kumuumiza mtu. Tunataka kujua tu."

Nikawaambia. Nilisema kwa sauti yangu ya redio kwamba Watunutu ni wa kubuni, kwamba niliwaandika mimi mwenyewe kwenye meza yangu, kwamba hakuna aliyekunja bawa popote. Walinisikiliza mpaka mwisho, wala hawakunikatiza. Lomorukai akafikiri. Akauliza kama tangazo la Turkwel kufurika nalo nililibuni. Nikasema hapana, lile lilikuwa la kweli. Na la chanjo? La kweli pia. Akauliza kama niliyasoma kwa sauti hiihii. Nikasema ndiyo.

"Mimi nilihamisha mbuzi wangu kwa sababu ya sauti hiyo, na mto ukaja," akasema. "Wasiohamisha walipoteza. Sasa utatuambiaje tuchague?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema labda ngimoe wamenishika, labda nimetishwa ili nikanushe, na nikaona vichwa vikiafiki polepole. Nilikuwa nimekuja na ukweli tu, na ukweli ulikuwa umeshakwisha.

"Basi jibu hili," akasema Lomorukai, na akamwonyesha Dut kwa kidevu. "Huyu ni emoit au si emoit?"

Nikisema si emoit, kila aliyekaa pale anajua ametoka Sudan, na mwongo hamwokoi mtu. Nikisema ni emoit, nimemwita adui mbele ya wanaume wenye fimbo. Kiturkana ni lugha ya mama yangu, kimenilea, na siku ile hakikunipa pa kupita. Nikasema ni mtu wangu, tunafanya kazi pamoja, tumekula pamoja. Lomorukai akaniambia kwa upole kwamba hakuniuliza hivyo.

Kijana mmoja mwendesha bodaboda alikuwa ameegemea pikipiki yake. Huyu alichoka, akamwambia Dut kwa Kiswahili, "Buda, toa shati tu tuone, hii maneno iishe." Wengine walipotafsiriwa wakakubali, na nikasikia neno shati likipita kutoka mdomo hadi mdomo.

Dut akaniangalia. "Shati? Kwa nini shati?"

Ilibidi nimwambie. Nilimweleza pale pale, kwa Kiswahili, watu wakitutazama: kwamba sikuwapa Watunutu njia ya nne, kwamba niliwapa ya tatu, nikawavika, nikawapanga kwenye foleni ya maji. Na kwamba kwa Kiturkana nilitumia neno lenye maana mbili. Nilikuwa nikisema haraka na kamasi zinanitoka. Yeye alikuwa amekishika kile kifuniko cha skrubu kwa mikono miwili, zisimwagike.

"Ulichagua ya tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukuambia."

Akaiweka redio chini taratibu. Akafungua vifungo, akavua shati, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya mtungi. Ni mwalimu wa kanisa pia, watoto wa kambini wanamwita mwalimu Dut, na sikuwahi kumwona hata na mikono ya shati iliyokunjwa. Aligeuka akawapa mgongo. Ulikuwa mgongo wa mtu mwembamba, umelowa jasho, mbavu zinahesabika. Hapakuwa na kitu.

Nilidhani imekwisha. Lakini mtu akiogopa vya kutosha, kutoona kitu hakumtoshi. Bibi mmoja mzee alisogea mbele akamtazama kwa makini, na akasema kwamba redio ilisema wanakunja vizuri. Akasema hakuna anayekunja vizuri akaacha alama. Minong'ono ikaanza tena, na safari hii ilikuwa na makali. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa akasimama, akaokota fimbo yake.

"Wewe unawajua," Lomorukai akaniambia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo, na nilielewa kwamba mzee huyu, aliyenishika mkono kwa heshima, alikuwa na hofu kuliko mimi. "Wewe ndiye uliyetuambia. Mguse mgongoni. Ukisema hakuna, tutaondoka."

Lilikuwa jambo rahisi. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo niliyowahi kupewa maishani. Nilimwendea Dut, nikamwambia ndugu yangu, nisamehe, nakugusa tu mara moja. Niliweka kiganja changu kati ya mabega yake.

Alikuwa wa moto, na alikuwa anatetemeka. Sikuujua mtetemeko wake mpaka nilipomgusa, kwa sababu usoni alijikaza. Nilibonyeza kidogo ili watu waone. Nikasogeza mkono kushoto, na hapo chini ya vidole vyangu kitu kikajikunja na kujikunjua, kikubwa, bapa, chini ya ngozi.

Nikautoa mkono.

Ilikuwa kufumba na kufumbua jicho. Lilikuwa bega lake, ule mfupa mpana wa bega, ulisogea kwa sababu alivuta pumzi. Niliujua hata kabla mkono haujafika kiunoni mwangu. Lakini nilikuwa nimeutoa kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, na watu thelathini waliona. Kina mama wakarudi nyuma, wakawavuta watoto. Nikasikia viti vya mbao vikiinuliwa. Mtu mmoja akaokota jiwe, nikaisikia ile sauti ya jiwe likitoka kwenye changarawe, kisha jingine.

Nilitaka kusema ni mfupa. Sauti ile iliyowahamisha mbuzi haikutoka.

Aliyetembea alikuwa Namuria. Alitoka mlangoni, akanisukuma pembeni kwa nyonga, akaweka viganja vyote viwili kwenye mgongo wa Dut na kuubonyeza juu mpaka chini, kama anavyobonyezwa mbuzi kabla ya kununuliwa. Alibonyeza mabega, akabonyeza mbavu, akamwinua mkono na kuushusha, ule mfupa ukaenda na kurudi watu wakiona.

"Mifupa," akasema. "Mifupa na njaa. Mmemkalisha juani kwangu tangu asubuhi, hata chai hamkuacha nimpe. Lomorukai, njoo uguse. Njoo, nakwambia."

Lomorukai akaja. Aligusa kwa ncha za vidole, kisha kwa kiganja. Akamwita wa pili. Baada ya huyo wakaja wengine, mmoja mmoja, wakajipanga foleni, wanaume kwa wanawake, kila mtu akaweka mkono wake kwenye mgongo wa Dut na kuondoka akiwa mwepesi. Wakaanza kutaniana. Yule bibi mzee akamkuna kidogo, watu wakacheka. Watoto wakarudi mara ya pili kwa mchezo tu. Mawe yakaachwa chini, na sikumwona aliyeyaacha.

Dut alisimama wima mpaka wa mwisho, macho yake kwenye ile redio iliyofunguliwa.

Walipoondoka alivaa shati, akafunga vifungo vyote, akaketi akamalizia redio ya Namuria. Alirudisha skrubu zote. Akanywa chai aliyopewa, akamshukuru mama, akachukua simu yake iliyoachwa juu ya ua. Mimi nilikuwa nimekaa kando kwenye vumbi. Namuria hakunipa chai, na alikuwa na haki.

Nilimfuata mpaka ukingo wa Tarach. Nilikuwa nikisema kila kitu kwa mara moja: kwamba nitaacha kazi, kwamba Jumamosi nitasoma ya nne, kwamba nitatafuta neno lingine hata nilibuni. Alisimama, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hasira ndiyo niliyokuwa nimejiandaa nayo.

"Wale nawaelewa," akasema. "Walisikia redio, mbuzi zao zimekufa, waliogopa. Sawa. Lakini wewe ndiye uliandika, dada. Wewe unajua hakuna. Wewe uliogopa nini?"

Nilimwambia mfupa ulisogea. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo, na lilikuwa la kweli.

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeelezwa njia. Kisha akaanza kushuka mtoni kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso wake ukinielekea. Nilimwambia aangalie asianguke. Hakunipa mgongo mpaka alipofika katikati ya mchanga.